Ubeti wa Mwisho wa Wimbo wa Salamu

Mpaka leo, kukiwa na harusi Tororo au Busia, huku mpakani mwa Uganda na Kenya, vijana wakishamaliza muziki wao, hapakosi mtu mzima wa kuomba ule wimbo wa salamu. Ukianza, watu huinuka. Hata wasioujua huinuka, kwa sababu wimbo wenyewe unaanza kwa kuamkia watu, na ni vigumu kubaki kitini ukiamkiwa. Kisha mtu hunisogelea, akijua kwamba nilikuwa mmoja wa wale wanne walioupiga mara ya kwanza, aniulize: "Mwalimu, mlikuwa mnawasalimia kina nani?"

Kwa kawaida humjibu nusu, kwa kuwa harusi si mahali pa jibu zima. Hapa nitalisema lote. Nitakwenda taratibu, na kama hujawahi kushika gitaa usijali, nitakueleza kila kitu kadiri tunavyokifikia.

Tulikuwa bendi ya vijana katika miaka ile ya sitini baada ya uhuru. Tulipiga rumba, twisti na roki, chochote tulichokisikia redioni, na kwetu vyote vilikuwa chungu kimoja. Kiongozi wetu alipiga gitaa la kwanza, yaani lile linalozungumza, na ndiye aliyeimba. Mimi nilipiga la pili, ambalo kazi yake ni kuitikia tu, kama mtu anayesema "ndiyo, ndiyo" mwenzake akisimulia. Besi, gitaa la sauti nzito, alipiga Msamia mmoja wa Buhehe, mcheshi kupita kiasi. Ngoma zilikuwa za kijana aliyefanya kazi kiwanda cha saruji. Umeme ulipokuwepo tulitumia umeme, usipokuwepo tuliunganisha betri ya lori.

Nyimbo zetu mbili za kwanza zilizopendwa zilitoka katika mambo madogo. Ule wa vumbi, ambao watu wa Kampala walidhani unahusu uzee, ulitoka kwa mke wa mpiga ngoma wetu. Mumewe alikuwa akirudi kutoka kiwandani nywele na nyusi zimekuwa nyeupe. Jioni moja tulikuwa pale kwake, mama huyo akamtazama mlangoni akasema, "Mimi niliolewa na kijana. Kila jioni naletewa mzee. Huyo kijana mnamficha wapi?" Tulicheka, kisha kiongozi wetu akachukua gitaa, na kabla chakula hakijaiva wimbo ulikuwa umekwisha.

Ule wa baiskeli ni wa mpiga besi. Pale Busia watu walishaanza kubebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande huu mpaka cha upande wa pili, naye siku ambazo hatupigi alikuwa akibeba. Siku moja mwanamke aliyejifunika mwavuli alipanda nyuma na kusema, "Twende." Njiani mpiga besi akaitambua sauti. Alikuwa mama mkwe wake. Kwao, mkwe hatazamwi usoni wala haguswi, na sasa amekaa kwenye kiti cha nyuma ya baiskeli yake. Hakuweza kumwambia ashuke, maana angelazimika kugeuka. Basi akaendesha shingo imekaza kama mti, naye mama akashika chuma cha kiti kwa mikono miwili ili asimguse, mwavuli ukaanguka, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Wimbo ule ulichezwa mpaka Mbale.

Nayasimulia haya ili kijana anayejifunza kutunga ajue kwamba haihitaji jambo kubwa. Sikiliza nyumbani kwako, inatosha.

Wimbo wa salamu haukutoka katika jambo dogo.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa Paya, kijiji cha upande wa Tororo, na alikuwa na kaka mmoja tu. Kaka huyo ndiye aliyependa muziki kwanza. Siku moja baba yao alimtuma apeleke fahali mnadani Kwapa. Alimpeleka, akamuuza, na badala ya kurudi na fedha akarudi na gitaa, alilolinunua kwa askari mmoja aliyekuwa ametoka vitani zamani. Alikuwa na hakika kwamba baba akisikia linavyolia atasamehe. Baba hakungoja lilie. Alisimama kwenye lango la boma akasema, "Nikiwa hai, usikanyage hapa."

Naomba nikueleze uzito wa maneno hayo, kwa sababu mtu wa mahali pengine anaweza kuyaona kama hasira tu. Kwa watu wale, neno la baba la langoni humfunga mwana mpaka baba aliondoe, au mpaka baba afe. Mwana akilivunja, mabaya yatakayofuata hayatamwangukia yeye peke yake, yatawaangukia wote walio ndani ya boma, mama yake akiwemo. Kaka alimpa mdogo wake lile gitaa, akaondoka na nguo alizovaa. Ndilo gitaa tulilopigia nyimbo zote.

Baba alikufa miaka michache baadaye. Hakuwa ameondoa neno lake, lakini lilikwisha pamoja naye. Kilichobaki ni kumwambia kaka. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu hakuna aliyejua alipo. Mtu mmoja alisema amemwona Jinja. Kiongozi wetu akaenda Jinja, akauliza viwandani, akasimama langoni saa za kutoka kazini. Akaenda Kampala. Tangazo la kifo lilisomwa kwenye redio ya upande wetu. Kimya.

Mama yao alikuwa ameanza kupoteza macho. Ukungu uliingia jicho moja, kisha la pili. Hakuwa mtu wa kulalamika. Nilipokuwa nikienda Paya kwa mazoezi alinitambua kwa hatua zangu, akaniita mwalimu, akanipa uji. Jambo moja tu alilisema, na alilisema kila mara: "Mwanangu anajua kosa lake. Hajui kwamba limekwisha. Nataka ajue, aje, nimwone kabla hili jicho halijafunga."

Mpiga besi ndiye aliyetoa shauri. "Miguu yako inafika Kampala tu," alimwambia kiongozi wetu. "Santuri inafika Mombasa. Mwambie kwa wimbo." Na uimbwe kwa Kiswahili, alisema, ili upande wowote wa mpaka atakaousikia ausikie sawasawa.

Tuliutunga wimbo huo Paya, uani, mama akiwa ameketi karibu na kaburi la mumewe akichambua punje za wimbi kwa vidole. Kiongozi wetu alikuwa ameanza hivi: ndugu yangu, baba amefariki, rudi nyumbani. Mama akainua mkono.

"Unaingia nyumba ya mtu na msiba mdomoni?"

"Mama, ni wimbo tu."

"Wimbo ndiyo unaingia nyumba ya mtu. Wewe nimekulea wapi? Umsalimie kwanza. Umuulize alivyolala. Umsalimie na baba yako."

"Baba yuko kaburini, mama."

"Na boma ni la nani?"

Mama alikuwa anasema lile ambalo sote tulilelewa nalo. Mgeni akija na habari, hasa habari ya kifo, haitoi mlangoni. Huamkia, huketi, huuliza mvua na mifugo, hula alichopewa. Habari huja mwisho, mwenyeji akiwa ameshaketi na moyo wake umetulia. Na katika kuamkia, mwenye boma hutajwa kwanza, awe hai au awe kaburini, maana kutomtaja ni kusema kwamba boma limekufa. Mtoto wa Paya anajua hayo kabla hajajua kusoma.

Basi tukaupanga upya. Ulianza kwa kumwamkia baba mwenye boma, kisha mama, kisha wajomba, kisha majirani wa Paya na wa Kwapa, wavuka mpaka wa Busia na Malaba, wachimba udongo wa saruji, wanywaji wa pombe ya wimbi mirijani, watoto, hata ng'ombe. Kila salamu gitaa la kwanza liliuliza na langu likaitikia. Ndipo ubeti wa mwisho ulipokuja, magitaa yakapungua, besi ikabaki peke yake, na kiongozi wetu akaimba: ndugu yangu uliyeondoka na nguo ulizovaa, mwenye neno la langoni amelala, na neno limelala naye, mama anakungoja, njoo. Mama aliusikiliza wote. "Sasa umesema kama mtu," alisema.

Nairobi tulikwenda kwa treni kutoka Tororo. Malaba askari mmoja alipanda kukagua, akaitazama ngoma kubwa.

"Nyinyi nakwenda wapi na hiyo pipa?"

"Tunapeleka salamu, afande," mpiga besi akasema.

"Salamu ya kujaza pipa? Hiyo mtu ni mkubwa sana."

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa magodoro. Sote tulisimama mbele ya kipaza sauti kimoja. Nyuma yetu kulikuwa na dirisha la kioo, na juu ya dirisha taa nyekundu. Fundi wa mitambo, mtu mpole, alitueleza kwamba taa ikiwaka mashine inasikia, na kwamba upande mmoja wa santuri unabeba dakika tatu hivi, si zaidi. Naye kijana aliyekuwa akivuta nyaya alitusikiliza tukifanya mazoezi, akatikisa kichwa.

"Nyinyi watu wa mpakani mnaamkia mpaka ng'ombe?"

"Ng'ombe wetu anaitika," mpiga besi akamjibu. "Tumekuamkia wewe tangu asubuhi, bado tunangoja."

Fundi alicheka, kisha akamwambia kiongozi wetu kwa upole, "Kama kuna jambo muhimu, bwana, liweke mbele. Salamu zipunguze."

Tulitoka nje kushauriana. Sikumbuki ubishi wowote. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba msiba unaweza kutangulia, wala aliyejua ni salamu ipi ingefutwa bila kumtukana aliyefutwa. Tulikubaliana kupiga kwa kasi zaidi. Hilo tu. Tuliona kwamba tukikaza mwendo tutafika.

Tulipiga. Tulipofika ubeti wa mwisho kiongozi wetu alifumba macho, na machozi yakamtoka, na sauti yake ikawa namna ambayo sijaisikia tena. Taa ilikuwa nyuma yetu. Ilizimika wakati gani hatukujua. Fundi aliona mtu analia akiimba, akaona si adabu kumkatiza, akatuacha tumalize. Tulipogeuka alikuwa amesimama kiooni, mkono kifuani. "Nzuri sana," alisema. Alisema kweli. Mwenye studio naye alikuwa na haraka ya upande wa pili wa santuri, ambao alitaka uwe twisti, basi tukapiga twisti.

Santuri zilipofika Tororo tulikwenda kuzisikiliza dukani, kwa Mhindi mmoja aliyeuza baiskeli na gramafoni. Watu walijaa mlangoni. Sindano ikashuka, na mimi nikajisikia nikiitikia, jambo la ajabu sana kwa mara ya kwanza. Baba akaamkiwa. Mama akaamkiwa. Wajomba, majirani, wavuka mpaka. Ng'ombe walipoamkiwa watu walipiga makofi. Kisha sauti ikaanza kwenda mbali, kama watu wanaoondoka wakiimba, ikafifia, ikabaki mikwaruzo, na sindano ikagonga karatasi ya katikati.

"Safi," mwenye duka akasema. "Hii itakwenda."

Kiongozi wetu akamwomba airudie. Akairudia. Ikaishia palepale. Akaomba tena, akainama mpaka sikio likakaribia kugusa sanduku, kana kwamba ubeti uko ndani umekwama na anayeinama vizuri atausikia.

Na kweli ilikwenda. Redioni kulikuwa na kipindi cha salamu, watu wanaomba wimbo na kutajiwa jamaa zao, na wimbo gani ungewafaa zaidi ya ule? Wa Uganda waliuomba, wa Kenya waliuomba. Yaani ule upungufu wenyewe ndio uliofanya upendwe. Mtu anayetaka kumsalimia shangazi yake hahitaji msiba wa nyumba nyingine mwishoni.

Labda unajiuliza kwa nini hatukuurekebisha. Ni swali zuri, nasi tulijaribu. Kiongozi wetu alirudi Nairobi na wimbo mwingine uliokuwa na habari tupu. Mwenye studio aliusikiliza mpaka mwisho, akamwambia hakuna atakayenunua matanga ili acheze nayo, alete twisti. Tukajaribu kwenye dansi zetu za Jumapili mchana, tukauimba wote, tukitumaini mtu mmoja ukumbini atabeba neno mpaka lifike. Tulipoingia ubeti wa mwisho watu walisimama katikati ya ukumbi wakatazamana. Hawakuujua. Wakaanza kupiga kelele, wakiiita santuri sahani, "Ya sahani! Pigeni kama ya sahani!" Mama mwenye baa tuliyokuwa tukipigia alimvuta kiongozi wetu pembeni. Alimpenda kama mwanawe.

"Mwanangu, hawa kila mmoja amefiwa. Wamekuja hapa wasahau kidogo. Wewe unawaletea baba yako."

"Mama, ni kaka yangu ninayemwita."

"Najua. Lakini hayupo hapa."

Baada ya hapo tulikuwa tukiishia pale sahani ilipoishia. Tulijifunza hata kufifia, tukipunguza sauti kidogo kidogo kama fundi alivyofanya, na watu walishangilia sana ufundi huo.

Mama hakuwa na redio. Jumamosi alishikwa mkono na mtoto wa jirani mpaka kwa katekista aliyekuwa nayo, akaketi na wanawake wengine. Nilikuwa pamoja naye mara kadhaa. Wimbo ulipoanza alinyooka. Ulipomsalimia mumewe aliinamisha kichwa. Ulipoanza kufifia alinyanyua mkono mbele yake, hivi, kama mtu anayemzuia mgeni asiondoke kabla ya chakula. Mara ya kwanza aliniuliza kwa nini hawamalizi. Nilimweleza habari ya santuri, upande mmoja na dakika zake, nikamchorea kwa kidole kwenye kiganja chake jinsi sindano inavyozunguka kutoka nje kuja ndani mpaka nafasi inakwisha. Alielewa vizuri sana. "Kwa hiyo mlango ulikuwa mdogo," alisema. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alirudi. Mwaka uliofuata jicho la pili lilifunga, naye bado akarudi.

Kisha Jumapili moja mchana, katikati ya dansi, alikuja mgeni. Alikuwa mtu mzima wa Maragoli, amevaa koti, amesimama ukutani na mfuko wa karatasi mkononi, hachezi. Alingoja tumalize, akaja, akatuamkia mmoja mmoja. Aliuliza mvua imenyesha huku. Aliuliza kama tuna wazazi. Tulimpa kiti na soda, akainywa polepole, kidogo kidogo, bila kiu. Nilimtazama kiongozi wetu. Alikuwa ameweka gitaa chini na kuishika meza kwa mikono miwili. Kwa watu wetu hakuna anayekunywa soda hivyo isipokuwa anayechelewesha kitu.

Mwisho akatoa santuri kutoka kwenye mfuko. Ilikuwa yetu, imesagika mpaka weusi wake umekuwa kijivu. Jina la bendi lilisomeka kwa shida, na ndilo lililomleta.

Alikuwa mchuma chai wa Kericho. Kaka alikuwa mwenzake wa nyumba moja kwa miaka yote ile. Alikuwa amekufa kwa kifua msimu wa mvua, na wenzake walimzika hukohuko kambini.

"Karani wa kambi alikuwa na gramafoni," alisema. "Jumamosi tulikuwa tunakaa nje. Ikiwekwa hii yenu, yeye anasimama. Sisi tulikuwa tunamcheka, tunamwita Askari wa Salamu. Anasimama wima mpaka sindano ifike kwenye karatasi. Halafu anakaa, anasema, 'Hakuna neno. Mzee yupo.'"

"Alisema mzee yupo," kiongozi wetu akarudia.

"Kila mara. Nilimuuliza, wimbo umesema wapi hayo? Akaniambia, kwetu habari mbaya hukaa nyuma ya salamu. Hawa ni watu wa nyumbani kwetu, huyo anayeimba ni mdogo wangu. Wamesalimia mpaka mwisho, na hawakuleta neno. Basi ni wazima wote, na mzee yupo, na mimi nitangoja."

Mpiga besi alitoka nje.

Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote, na kama mwalimu nimelitafutia kosa kama ninavyotafuta kosa katika hesabu ya mwanafunzi. Sikulipata. Kaka alihesabu sawasawa. Alisikia kila kilichosemwa, akasikia na kilichokosekana, akakisoma kama alivyolelewa. Tungemtumia kimya angeweza kuwa na shaka, na mwenye shaka huuliza njiani. Sisi tulimtumia jibu.

Kesho yake asubuhi tulimpeleka mgeni Paya kwa baiskeli. Mama alikuwa uani. Alisikia hatua, akatambua zangu na za mwanawe, akasikia na za tatu.

"Kuna mgeni," alisema.

"Mgeni wa mbali, mama," mtu yule akasema, akainama akashika mkono wake kwa mikono miwili. "Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu. Umelala salama?"

Akaagiza kuku akamatwe. Mgeni alisema asijisumbue, naye akajibu kwamba mtu aliyetoka mbali hasemi hivyo. Tuliketi. Mama aliuliza mvua. Aliuliza kwao mgeni ni wapi, akaambiwa Maragoli, akauliza anafanya kazi wapi, na aliposikia Kericho, kwenye chai, vidole vyake vilitulia juu ya goti, kisha akaendelea. Kuku aliiva, mgeni akala. Alikula polepole. Mama hakuweza kumwona, lakini alikuwa akisikia mkono unavyokwenda kwenye sahani na kukawia kurudi.

Kiongozi wetu alisogea. "Mama," alianza.

"Mgeni hajashiba," mama akasema. "Mwongeze ugali." Akamgeukia mgeni. "Na huko mnachuma kila siku? Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua, mama."

"Mnavaa nini?"

"Magunia, mama. Na wengine ngozi za plastiki, mbele hapa."

"Nyumba zinavuja?"

"Hazivuji sana. Ni za bati."

"Ni baridi?"

"Asubuhi ni baridi sana. Tunakoka moto ndani."

Nilidhani mwanzoni kwamba anachelewesha, na alikuwa anachelewesha. Lakini maswali yalikuwa mengine sasa. Aliuliza wanakula nini. Aliuliza kama kuna kanisa. Aliuliza kama kuna watu wa kucheka nao. Mgeni, ambaye alikuwa amelelewa vizuri, alijibu kila swali kwa utulivu, bila kutaja jina, na mama alipokea kila jibu kwa kichwa, akiliweka mahali pake. Sahani ilikuwa tupu tangu zamani. Kiongozi wetu alikuwa amegeukia kaburi la baba yake. Santuri ilikuwa ndani ya mfuko, miguuni pa mgeni.

"Na mtu akiugua huko, nani anamletea maji?"

"Mwenzake wa nyumba, mama."

"Na wewe una mwenzako wa nyumba?"

Mgeni alinawa mikono kwanza, akaikausha taratibu.

"Nilikuwa naye, mama."

Mama aliinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya kwa katekista, pale mwanzo wa wimbo. Nilingoja aulize. Sote tulingoja. Kisha akainua uso, akamsogelea mgeni kidogo.

"Na ng'ombe wenu huko Maragoli," alisema, "hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Na ndama?"